Aliyeumba Jua Hakuachiwa Hata Shamba

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuishi Peru, swali lao la kwanza huwa Machu Picchu. Sikufika. Treni ya watalii ilikuwa ghali kwa posho ya bwana shamba kutoka Mbeya, na tena nilikuwa kazini. Nilichokiona mimi ni ukuta mmoja wa matofali ya udongo, mrefu kuliko kanisa lolote nililokuwa nimewahi kuingia, umesimama peke yake kando ya mashamba ya viazi yaliyokwisha kuvunwa. Ni miaka arobaini na zaidi sasa. Hata leo mtu akiniambia Wainka waliabudu jua, humjibu kwamba hiyo ni nusu ya habari, na nusu ya pili ndiyo iliyobaki bila paa.

Ulikuwa mwaka 1984. Pale La Molina, pembeni mwa jiji la Lima, kuna Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoanzishwa 1971, nami nilikuwa miongoni mwa mabwana shamba waliopelekwa huko kujifunza uzalishaji wa mbegu. Nyumbani watu walikuwa wanapanga foleni ya sabuni na sukari. Aprili ikaja habari ya kifo cha Waziri Mkuu wetu, Sokoine. Niliisikia usiku kwenye redio ya masafa mafupi, sina Mtanzania hata mmoja karibu wa kuambizana naye pole. Upweke wa namna hiyo humfanya mtu akubali mwaliko wowote wa Jumapili.

Ndivyo nilivyofika Pachacamac, mwendo mfupi kusini mwa Lima, kwenye magofu ya mahekalu ya udongo yanayotazama bahari. Aliyenipeleka alikuwa mwenzangu wa maabara, kijana ambaye wazazi wake walitoka milimani. Tulipanda hadi juu ya Hekalu la Jua, akanionyesha visiwa vya mawe vilivyosimama majini mbele yetu, vyeupe kwa kinyesi cha ndege. "Yule ni mama," akasema, "na yule mdogo ni mwanawe." Kisha akanisimulia, tumekaa juu ya tofali, upepo unatupiga mchanga usoni.

Alikuwepo Cuniraya Viracocha. Alitembea vijijini amevaa matambara, chawa wamemjaa, na watu wakimtukana. Hawakujua kwamba ni yeye anayesema neno moja tu na matuta ya mlimani yakajipanga yenyewe, au anayerusha ua la tete na mfereji wa maji ukachimbika. Na alikuwepo Cavillaca, msichana mzuri kupita kiasi, ambaye kila mwenye nguvu alimtaka naye akiwakataa wote. Siku moja alikuwa akifuma chini ya mti wa lukuma. Cuniraya akajigeuza ndege, akatua mtini, akatia mbegu yake ya uzazi ndani ya tunda lililoiva, akaliangusha. Msichana akalila. Akashika mimba pasipo mwanamume.

Mtoto alipofikisha mwaka na kuanza kutambaa, mama akaitisha mkutano: wenye nguvu wote waje, baba wa mtoto ajitokeze. Wakaja wamejipamba. Cuniraya akaketi mwisho kabisa, na matambara yake. Hakuna aliyekiri. "Basi nenda mwenyewe kwa baba yako," mama akamwambia mtoto, akamweka chini. Mtoto akatambaa, akawapita wote wenye mavazi mazuri, akaenda kupanda mapajani mwa maskini. Cavillaca akaona aibu isiyovumilika, akamnyakua mwanawe, akakimbilia baharini. Hapo Cuniraya akavaa dhahabu, nchi nzima ikang'aa, akawa anamwita ageuke japo mara moja amwone alivyo. Hakugeuka. Akamfuata akiuliza wanyama njiani. Kondori alimjibu kwamba yuko karibu, akapewa baraka. Kicheche alimwambia hutampata, akalaaniwa anuke na kutembea usiku. Mbweha naye vivyo hivyo akalaaniwa. Alipofika pwani, mama na mtoto walikwisha kuwa mawe.

Hadithi hiyo imehifadhiwa kwa Kikechua katika maandishi ya Huarochirí, wilaya ya milimani juu ya Lima, ya mnamo 1608. Yalitokana na kazi ya padri Francisco de Ávila, aliyetaka kuijua dini ya wenyeji ili aing'oe vizuri. Nimekuja kuona baadaye kwamba hali ni hiyo karibu kila mahali katika habari za Viracocha, mungu mwumbaji: waliomwandika walitaka asahaulike, au walitaka afanane na Mungu wao.

Mimi nililelewa na Wamoravian wa Rungwe. Nyumbani kwetu tukisali kwa Kinyakyusa tunamwita Mungu Kyala, na wazee walijua kwamba kabla ya wamisionari Kyala alikuwa na pahali pake pa kutambikiwa, pangoni, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Wamisionari walihitaji jina, wakalichukua hilo. Bibi yangu hakuona tatizo lolote. Alikuwa akikaa kimya tu kila mchungaji alipoanza kueleza jambo hilo. Kwa hiyo pale Pachacamac, nilipomsikia huyu mwumbaji mwenye chawa, masikio yalinisimama. Mwisho wa mwezi nikanunua, kwenye vibanda vya vitabu vya mitumba katikati ya Lima, kitabu cha mwanahistoria Franklin Pease kiitwacho *El dios creador andino*, cha 1973. Nilikisoma kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, wakati ambao ningepaswa kusoma juu ya virusi vya majani.

Safari ya kusini ilitokana na njaa. Mwaka 1983 El Niño iliipasua Peru pande mbili: mafuriko kaskazini, ukame mkali katika nyanda za juu za kusini, Puno na sehemu za Cusco. Wakulima walipokosa chakula walikula mbegu, na mkulima aliyekula mbegu yake ya viazi amekula miaka mingi ijayo. Juni 1984 timu ndogo ilikwenda kuangalia ni aina gani zimesalia vijijini, nami nikaomba niende. Tulikuwa mtaalamu mmoja Mholanzi, yule kijana wa maabara, dereva aliyetusubiri Cusco, na mimi.

Tulikwenda kwa ndege. Kupita Ayacucho kwa barabara halikuwa jambo la kufikiria, kwa maana vita vya waasi wa Sendero Luminoso vilivyoanzia kijiji cha Chuschi mwaka 1980 vilikuwa vimepamba moto. Tulivisikia kama habari za gazeti. Tume ya ukweli ilipotoa ripoti yake 2003 ilikadiria waliokufa kuwa karibu 70,000, na robo tatu yao lugha yao ya kwanza ilikuwa Kikechua au lugha nyingine ya asili. Nilipoisoma takwimu hiyo nilifikiri juu ya watu niliokula nao.

Cusco iko karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na hata mtu wa Rungwe huko anapata kizunguzungu. Wakaninywesha chai ya majani ya koka. Watoto barabarani waliponiona mweusi walifinyana mikono wakisema "bahati", desturi ya huko. Mwanzoni nilikasirika, halafu nikazoea.

Tulifika kwenye juma la ajabu, maana mwaka ule sikukuu mbili ziliangukiana. Alhamisi Juni 21 ilikuwa Corpus Christi. Watakatifu kumi na watano, wanaume kwa wanawake, sanamu nzito zenye kuelemea mabega, wanatolewa parokiani kwao na kubebwa hadi kanisa kuu, wanafanya kama mkutano wao. Wenyeji wanakwambia waziwazi kwamba kabla ya Wahispania waliozungushwa kwenye uwanja wa mbele ya kanisa hilo walikuwa wafalme wenyewe, wamekaushwa, wamevikwa, wamekalishwa kwenye machela. Chakula cha siku hiyo kinaitwa chiri uchu, nacho huliwa baridi: simbilisi wa kuoka, kuku, mahindi ya kukaanga, jibini, mwani, mayai ya samaki. Mholanzi alimtazama yule simbilisi na meno yake akaomba radhi. Mimi nilikula wake na wangu. Kwetu Nyanda za Juu Kusini tunawafuga simbilisi jikoni, ila hatujawahi kuwapa heshima ya sikukuu.

Jumapili Juni 24 ikawa Inti Raymi, sikukuu ya Jua, juu ya ngome ya Sacsayhuamán. Ilirudishwa 1944, kwa hiyo ilikuwa inatimiza miaka 40. Mwigizaji anayekuwa Inka alihutubia kwa Kikechua, akaletwa llama, moyo ukainuliwa kuelekea jua. Makumi ya maelfu ya watu juu ya mawe makubwa kama nyumba. Sikudharau. Lakini nilikuwa na Pease kichwani, nikamuuliza kijana wa maabara: na yule aliyeliumba jua, sikukuu yake lini?

Hakujibu pale. Jioni, tulipokuwa tunapita mbele ya kanisa kuu, akagonga sakafu ya jiwe kwa kisigino. "Yuko chini," akasema.

Palikuwa na nyumba ya Viracocha mjini Cusco, iliitwa Quishuarcancha. Cristóbal de Molina, padri wa hospitali ya wenyeji mjini humo katika miaka ya 1570, anasema ndani yake mlikuwa na sanamu ya dhahabu ya mtu mwenye kimo cha mtoto wa miaka kumi, mkono wa kuume umeinuliwa kama wa mtu anayetoa amri. Kanisa kuu lilianza kujengwa 1560 kwenye eneo hilo, likachukua karibu miaka mia moja. Sanamu ya dhahabu, bila shaka, ilikwenda zilikokwenda dhahabu zote.

Molina huyohuyo alisikiliza wazee waliokumbuka ibada za zamani, akaziandika sala zao kwa Kikechua. Kati ya yote niliyosoma juu ya dini ya Wainka, hizo ndizo zilizonishika. Hazimsifu mungu anayeonekana. Zinamuuliza yuko wapi: juu, chini, mawinguni, vivulini? Zinamwomba asikie, awape watu uzazi, chakula na amani, popote alipo. Jua huhitaji kuliuliza liko wapi.

Ipo na hoja inayosimuliwa na waandishi kadhaa, baadhi yao wakiiweka kinywani mwa Pachacuti, yule mfalme wa karne ya 15 aliyeifanya Cusco kuwa dola. Aliwakusanya makuhani akawaambia: jua haliwezi kuwa mkuu wa wote. Kila siku linapita njia ileile bila kupumzika, kama mtu aliyetumwa, na kawingu kadogo kakipita mbele yake linafichika. Kuna anayelituma. Ni hoja ya mkulima ile, mtu aliyesimama shambani akaliangalia jua kutwa. Hata hivyo utaratibu wa dola ulikuwa mwingine. Jua lilipewa mashamba, mifugo, maghala na wanawali wa kulifumia nguo. Mwumbaji hakupewa mashamba wala watumishi. Sababu inayotolewa ni kwamba vyote ni vyake tayari, sasa utampa nini mwenye vyote? Nimefanya kazi serikalini maisha yangu yote, nami najua idara isiyo na bajeti huishia wapi.

Jua hata hela liliipata. Mwaka uliofuata safari yetu, Peru ilibadilisha fedha yake ikaiita inti. Mfumuko wa bei ukaila, na 1991 ikafutwa.

Tulitoka Cusco asubuhi yenye jalidi, gari likifuata mto Vilcanota kuelekea kusini-mashariki. Kijana wa maabara akasema tunamfuata Viracocha kinyumenyume, na kweli, ukitazama ramani, ndivyo ilivyo. Nitaisimulia kama nilivyoipokea kwake na kwa vitabu, maana waandishi wanatofautiana.

Kulikuwa na giza. Katika giza hilo Viracocha aliumba watu, majitu makubwa, wakaishi bila jua. Hawakumpendeza. Wengine akawageuza mawe, wengine gharika ikawachukua. Kisha akatoka katika Ziwa Titicaca, na katika kisiwa kilichomo humo akaliamuru jua lipande, na mwezi, na nyota. Pedro Sarmiento de Gamboa, aliyeandika 1572, anaongeza kitu ambacho hakuna padri angeweza kukitunga: mwezi uliumbwa unang'aa kuliko jua, jua likaona wivu, likachota gao la majivu likamrushia usoni, na ndiyo maana mwezi una rangi ile. Baada ya hapo, Tiahuanaco, akafinyanga watu upya, taifa kwa taifa. Alichora kila kundi nguo litakazovaa na jinsi litakavyosuka nywele. Akawapa kila mmoja lugha yake, nyimbo zake, na mbegu zake za kupanda. Akawaambia wazame ardhini, kila taifa lichomoze mahali pake: hawa pangoni, hawa kwenye chemchemi, hawa kwenye shina la mti.

Ile sehemu ya mbegu nilikuwa nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Katika Mwanzo tuliofundishwa Rungwe, miche na miti iliumbwa siku ya tatu na ikaisha. Huyu aliwapa watu mbegu mkononi, tofauti kwa kila bonde, pamoja na lugha. Mtu yeyote aliyefanya kazi Andes anajua kwamba huo si ushairi. Ukipanda mlima mmoja utakuta viazi vya chini havioti juu na vya juu havipendi chini, na kila kijiji kina vyake na kina majina yake.

Kisha akaanza kutembea. Wasaidizi wake wawili, Imaymana na Tocapu, mmoja alipita upande wa misitu akiipa miti na dawa majina, mwingine akapita pwani. Yeye mwenyewe akashika katikati, njia ya milimani, akiwaita watu watoke walikozama. Akafika Cacha. Nasi, karibu kilomita 120 kutoka Cusco, tukafika Cacha, ambapo leo panaitwa Raqchi.

Ukuta unauona kabla ya kijiji. Chini ni mawe yaliyochongwa kwa ustadi wa Kiinka, kama mita tatu kwenda juu, halafu yanaanza matofali ya udongo na majani makavu, yanapanda hadi karibu mita 20, na juu kabisa wamewekea kijipaa chembamba ili mvua isiyayeyushe. Huo ulikuwa ukuta wa katikati tu. Hekalu lenyewe lilikuwa na urefu wa mita 92 na upana wa zaidi ya 25, na nguzo 11 za mviringo kila upande zilizobeba paa la nyasi la mteremko wa pande mbili. Nguzo nyingi zimebaki vishina. Ng'ambo yake kuna safu za maghala ya mviringo, zaidi ya 150, ya kuwekea chakula cha dola. Mholanzi alianza kupima kwa hatua. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye mawe.

Maana kisa cha Cacha ni hiki: wenyeji, Wakana, walipomwona mgeni walimwendea na silaha wamuue. Hakukimbia. Aliinua mikono, moto ukashuka kutoka mbinguni ukaanza kuunguza kilima. Wakatupa silaha, wakaanguka chini. Akauzima moto kwa kuupiga kwa fimbo yake. Juan de Betanzos, Mhispania aliyeoa mwanamke wa ukoo wa kifalme wa Cusco na kuandika 1551, alikwenda mwenyewe kutazama. Pedro Cieza de León naye alipita katika miaka hiyo hiyo. Waliona mawe yaliyoungua, na yaliyo makubwa ni mepesi hivi kwamba mtu mmoja anayainua.

Nikaliinua moja. Lilikuwa jeusi, limejaa vitundu, jepesi kama mkate mkavu. Nilicheka peke yangu. Nimezaliwa chini ya mlima Rungwe, na tangu mtoto nimesugua visigino kwa mawe ya jamii hiyo. Kilima kilicho nyuma ya Raqchi, Kinsach'ata, ni volkano. Mtiririko wake mweusi umefika hadi mlangoni mwa kijiji. Kwa hiyo waliosimulia hadithi ile waliijua nchi yao. Walikuwa na kilima kilichoungua, wakamweka mbele yake mtu wa kuuzima moto. Ni jambo la busara kujenga hekalu hapo, kwenye mahali ambapo ardhi imeshaonyesha inaweza nini.

Mlinzi wa magofu alikuwa mzee wa pale kijijini, kofia ya sufi, viatu vya matairi. Alimwamkia Mholanzi kwa neno "wiraqocha", kama mtu anavyosema "bwana mkubwa". Mimi akaniita "papay", baba, akanipa mkono. Dereva akaona aibu kwa ajili yangu, lakini mimi nilifurahi kuitwa baba. Desturi ya kumwita mzungu "wiraqocha" ilianza na Wahispania wa 1532, waliotoka upande wa bahari. Masimulizi yanasema Viracocha alimaliza safari yake pwani ya kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Ekuado, akaondoka akitembea juu ya maji kama juu ya nchi kavu. Waliotokea baharini na farasi wakapewa jina lake, na baada ya wao kumteka mfalme wa Wainka pale Cajamarca hakuna aliyebaki na shaka kwamba hawakuwa miungu, lakini jina likabaki.

Kutoka hapo pametoka upuuzi mwingi. Mapadri waliiangalia sanamu iliyokuwapo Cacha wakasema ni mtume, pengine Bartholomayo, alifika huku kabla yetu. Cieza, mtu mkweli, aliitazama kwa makini akaandika kwamba haoni kitu cha namna hiyo. Karne zikapita, akaja Thor Heyerdahl na chelezo chake alichokiita Kon-Tiki, kwa jina la mungu huyu, akaondoka Callao Aprili 1947 akafika visiwa vya Pasifiki baada ya siku 101. Safari ilikuwa ya kishujaa. Nadharia iliyoibeba, kwamba watu weupe wenye ndevu ndio walioleta ustaarabu Andes, ni dada wa ile iliyosema Zimbabwe Kuu haikujengwa na Waafrika. Mholanzi alikuwa amekisoma kitabu cha Heyerdahl utotoni na alikipenda. Tulibishana hadi Sicuani.

Lakini nirudi kwa mzee. Nilimwomba dereva amuulize kwa Kikechua kama anajua habari za aliyejengewa hekalu. Mzee alifikiri. Akasema hekalu ni la Inka. Sio la mungu? La Inka. Kisha, bila kuulizwa, akaonyesha kwa kidevu mapango ya ng'ambo, akasema huko kuna mifupa ya machu, watu wa kale. Hao waliishi kabla ya jua kuwepo, walifanya kazi kwa mwanga wa mwezi, walikuwa na nguvu ya kusogeza mawe kwa kuyaamrisha. Jua lilipopanda kwa mara ya kwanza likawaunguza, wakakaukia mapangoni. Usilale karibu na mifupa yao, akasema, wanaleta ugonjwa.

Nilisimama pale nikimsikiliza dereva akitafsiri, nikajua ninachosikia. Giza la mwanzo lilikuwepo. Watu wa kwanza waliokataliwa walikuwepo. Jua lililopanda baadaye lilikuwepo. Kilichopungua katika simulizi yote ni mtu mmoja tu, yule aliyeyafanya. Wasomi wanabishana kama Viracocha alikuwa mungu wa watu wote au wa makuhani na wafalme wa Cusco; wengine wanasema ukuu wake umekuzwa na mapadri waliokuwa wanamtafuta Mwumbaji wa Biblia kila mahali. Siwezi kuwaamulia. Ninachoshuhudia ni kwamba mzee yule aliwahi kumwagia ardhi pombe ya mahindi mbele yetu kabla ya yeye mwenyewe kunywa, kwa ajili ya Pachamama, mama ardhi, na alikuwa na jina la kila mlima unaozunguka bonde, na kila mlima ulikuwa na madai yake: majani ya koka, mafuta ya llama, sadaka ya Agosti. Nyumbani kwake palikuwa na picha ya mtakatifu. Wote hao walikuwa wanamdai kitu, naye alikuwa analipa, na kwa hiyo walikuwa hai. Viracocha hakumdai.

Siku iliyofuata tulikuwa kwenye kijiji cha juu, zaidi ya mita 3,800, tukikagua mbegu. Ilikuwa majira ya kutengeneza chuño: viazi vidogo vinatandazwa nje usiku vigandishwe na jalidi, mchana vinakanyagwa kwa miguu kutoa maji, hadi viwe vigumu na vyepesi vya kukaa ghalani miaka. Wanawake walikuja na mbegu zao zilizookoka ukame, wakazimwaga juu ya mablanketi. Zambarau, nyeusi, nyekundu zenye macho ya njano, ndefu kama vidole. Kijana wa maabara akawa anaandika majina. Kulikuwa na puma maki, kiganja cha puma, na kulikuwa na kimoja chenye vinundu kila upande kinachoitwa llumchuy waqachi, yaani kinachomliza mke wa mwana, kwa sababu bibi harusi hupewa akimenye pasipo kukiharibu, nyumba nzima inamwangalia. Wakanipa kisu. Nilijitahidi, nikabakiza kiazi cha ukubwa wa karanga, wakacheka hadi kujifuta machozi.

Mwenye mbegu nyingi kuliko wote alikuwa mama mmoja mnene wa sauti kubwa. Alikuwa amezificha wakati wa ukame, akala magugu na chuño ya zamani, akazikataza hata kwa watoto wake. Nikaona sasa ndipo mahali pa swali langu. Nikamwambia dereva amuulize kwa heshima: mbegu hizi, aliyewapa kwa mara ya kwanza kabisa ni nani?

Akajibu papo hapo, wenzake wakaangua kicheko tena, na dereva akachelewa kidogo kunitafsiria kwa sababu naye alikuwa anacheka.

"Anasema ni mama mkwe wake. Na alimhesabia moja moja."